Kazi Katika Msafara

Chemchem ni kata ya mji wa Tabora. Mji huu ulikua kwa sababu ya misafara. Katika karne ya 19 njia kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikuja bara. Vyote vilibebwa na watu.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walifanya kazi kwa ujira. Kabla ya kuondoka walipatana na tajiri: ujira ni nguo kiasi gani, na posho ya kila siku ni kiasi gani. Mzigo ulikuwa kilo 30 hivi. Juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake na chakula chake.

Tajiri alitoa mali na posho. Kirangozi alitangulia mbele na bendera. Alijua njia, maji na mahali pa kupiga kambi. Mara nyingi wapagazi wenyewe walimkubali kwanza, kwa hiyo aliwasemea mbele ya tajiri. Wanyapara walisimamia vikundi. Mnyapara mmoja alitembea nyuma kabisa ili mgonjwa asiachwe porini. Kazi hiyo ya nyuma haikusifiwa sana, lakini tunadhani ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Posho ikipungua, ugomvi ulianza. Wapagazi waliweka mizigo chini, wakakaa. Mzigo hautembei wenyewe! Ndipo kirangozi alipoitwa, na shauri likafanyika. Tajiri asiyesikiliza aliamka asubuhi akakuta watu wametoroka.

Karibu na Tabora kuna Kwihara. Mwaka 1872 Daktari Livingstone alikaa huko akingoja wapagazi wapya kutoka pwani. Walipofika akaondoka nao. Mwaka 1873, mwanzoni mwa Mei, alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Sasa mwajiri amekufa. Hakuna wa kuwaamuru wala wa kuwalipa. Wangeweza kugawana mali wakaenda zao. Hawakufanya hivyo. Walikutana, wakawafanya Abdullah Susi na James Chuma kuwa viongozi wao. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, aliandika orodha ya vitu vya marehemu. Kisha walikausha maiti, wakaibeba.

Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe. Walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron. Aliwashauri wamzike Livingstone hapa hapa, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Ushauri wake haukuwa wa kijinga. Lakini Cameron hakuwa tajiri wao. Walimsikiliza, wakakataa, wakaendelea na safari.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walilipwa ujira wao na kuachishwa kazi. Livingstone alizikwa London mwezi wa Aprili. Katika wale waliombeba, Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo mazishini. Susi na Chuma, waliouongoza msafara, hawakuwapo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya wapagazi ikapungua. Neno mnyapara halikupotea. Na mapatano ya kazi sasa yana sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Wewe unayesoma somo hili unaweza kuyasoma maelezo hayo mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kirangozi alihitaji kukubaliwa na wapagazi na pia na tajiri?
2. Wapagazi walifanya nini posho ilipopungua?
3. Je, Susi na Chuma walikuwa na haki ya kumkatalia Cameron? Toa sababu zako.
4. Taja kazi moja hapa kijijini ambayo watu hupatana kwa mdomo tu. Ugomvi ukitokea, nani huitwa?