Je, Nyumbani Kwenu Kuna Amani au Kuna Kimya?



Bwana mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Uso wake ulikuwa na furaha. Akaniambia, "Padre, zile shida zetu zimekwisha. Siku hizi kwangu ni amani tupu. Mama watoto haongei tena."

Nilimwuliza haongei vipi. Akanieleza kwamba zamani waligombana kila mwisho wa mwezi kwa sababu ya pesa anazowapelekea wazazi na ndugu zake bila kumwambia mkewe. Siku moja akagonga meza, akasema habari hiyo imefungwa, na asiyetaka anajua njia ya kwao. Tangu siku hiyo chakula kinapikwa, nguo zinafuliwa, watoto wanakwenda shule, na hakuna anayeuliza neno.

Juma lililofuata nilikutana na mama mwenyewe kwenye jumuiya ndogo ndogo. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akajibu, "Tupo tu, Padre." Ninyi mnaoijua lugha yetu mnajua jinsi jibu hilo lilivyo zito.

Nilirudi nyumbani nikiwaza juu ya neno "amani" katika kinywa cha yule bwana, nikakumbuka masomo yetu ya Kilatini. Wazee wetu wachache bado wanakumbuka Misa ya Kilatini. Vijana wengi hawajui hata neno moja, ingawa wakipita makaburini wanasoma R.I.P., yaani requiescat in pace, apumzike kwa amani. Leo nawaomba tuketi pamoja na maneno machache ya Kilatini, na ya Kiitaliano ambacho ni mtoto wake. Msiogope, hakuna mtihani. Warumi walikuwa na maneno mengi ya kutuliza na kupatanisha, na kila neno lilikuwa na kazi yake. Nadhani sisi katika ndoa zetu tunayachanganya yote kuwa neno moja.

Kulaza vumbi

Tuanze na neno jepesi, sedare. Limetoka kwa neno la kuketi. Maana yake ni kukiketisha kitu kilichoinuka. Warumi walilitumia kwa kiu, kwa ugomvi, na hata kwa vumbi linalonyunyiziwa maji ili lilale. Mama anayefagia uwanja wakati wa kiangazi anaijua kazi hiyo vizuri. Ananyunyiza maji kwanza, vumbi linatulia, anafagia.

Kazi hiyo ni njema na ina wakati wake. Mume akifika nyumbani amefoka, mke akimwambia, "Keti kwanza, unywe chai," hapo ametumia sedare. Mke akiwa analia kwa hasira, mume akinyamaza na kumshika mkono, ni vilevile. Lakini tazameni: vumbi halijaondoka. Limelala tu. Jua likiwaka na upepo ukivuma litainuka tena, na asiyefagia atanyunyiza maji kila siku maisha yake yote.

Waitaliano wana neno calma, utulivu. Kwa asili linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya joto kali. Ni joto la saa sita mchana, saa ambayo watu waliacha kazi na kutafuta kivuli, na upepo wa baharini ukalala. Mnaoishi Pwani hamhitaji kuelezwa. Mvuvi akiona bahari imelala kabisa hashangilii, kwa maana tanga lake halisogei. Zipo ndoa zilizotulia namna hiyo. Hakuna kelele, na hakuna safari.

Nyumba ya mungu wa kike Viriplaca

Neno la pili ni placare, kumtuliza mtu mpaka aridhike. Ni ndugu wa placere, yaani kupendeza. Waitaliano wanalitumia hadi leo. Neno hili lina hadithi ambayo inafaa sana ukurasa wetu, hata kama ni ya wapagani.

Mwandishi mmoja wa Kirumi, Valerius Maximus, aliyeishi siku za Kaisari Tiberio, yule yule ambaye Bwana wetu alisulubiwa wakati wa utawala wake, aliandika kwamba juu ya kilima cha Palatino mjini Roma palikuwa na hekalu dogo la mungu wa kike aitwaye Viriplaca. Mume na mke wakigombana walikwenda huko wawili. Kila mmoja kwa zamu yake alisema aliyotaka kusema. Wakishamaliza, waliweka chini ugomvi wao wakarudi nyumbani wamepatana.

Basi. Valerius hataji hakimu wala wazee wa kutoza faini. Anachotaja ni mahali, safari ya wawili, na zamu ya kusema. Mimi nimekaa na wanandoa wengi ofisini mwangu, na mara nyingi kitu pekee nilichofanya ni kumwambia mmoja, "Ngoja, bado mwenzako hajamaliza." Wengine waliondoka wakinishukuru kwa mashauri mazuri, na mimi sikutoa shauri lolote.

Lakini jina la mungu huyo lina kasoro, na wanawake wanaosoma wameshaanza kuiona. Vir ni mwanamume. Viriplaca ni "mtuliza-mume". Valerius mwenyewe aliliona jina hilo kuwa zuri, kwa kuwa lilionyesha heshima inayompasa mume. Mimi naona hapo ndipo Warumi walipoteleza. Desturi yao ilikuwa bora kuliko jina lake: hekaluni walisema wote wawili, lakini jina lilidai kwamba anayehitaji kutulizwa ni mmoja tu. Na sisi je? Bibi arusi anapofundwa anaambiwa namna ya kumtuliza mume akikasirika. Bwana arusi anafundishwa na nani kumtuliza mke? Nimeuliza swali hili katika semina za wachumba, na wanaume hucheka kwanza, halafu hunyamaza.

Amani ya mshindi

Sasa nafika kwa yule bwana aliyegonga meza. Neno lake kwa Kilatini ni pacare.

Pacare limetoka kwa pax, amani, na maana yake ni kuleta amani. Lakini ulizeni nani alilitumia. Julius Caesar aliipiga nchi ya Gallia, ambayo leo ni Ufaransa na majirani zake, kuanzia mwaka 58 kabla ya Kristo. Baada ya miji kuchomwa na watu wengi kuuawa au kuuzwa utumwani, aliandika kwamba nchi sasa ni pacata, imetulizwa. Mwaka 9 kabla ya Kristo Kaisari Augusto aliwekewa Roma altare ya Amani, Ara Pacis, ambayo bado ipo na watalii huitembelea. Ni kazi nzuri ya mawe, ina sanamu za familia yake pamoja na watoto wadogo. Ilijengwa kwa sababu alikuwa amerudi kutoka Gallia na Hispania, na mambo ya huko yalikuwa yamewekwa sawa kama Roma ilivyotaka.

Kwa hiyo mtawala alipotazama nchi akaona hakuna anayeinua sauti, aliita amani. Aliyeshindwa hakuulizwa anaiitaje.

Ndugu yangu mume, na wewe pia dada yangu, kwa maana wapo wanawake wanaotawala nyumba kwa ulimi kuliko Kaisari alivyotawala kwa upanga: jiulize amani ya kwenu ni ya nani. Mwenzako akiacha kubishana, inawezekana umemridhisha. Inawezekana pia umemshinda. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mara nyingi mshindo huo husikika watoto wakishakuwa wakubwa, wakati mama au baba anapoondoka na kila mtu anasema, "Lakini hawakuwa na shida yoyote!"

Hapa sina budi kusema jambo moja waziwazi. Kama kimya cha nyumbani kinatokana na kipigo au vitisho, usikiite msalaba wa ndoa, wala mtu yeyote asikuambie uvumilie kwa jina la amani. Kanisa halikudai ukae mahali ambapo uhai wako au wa watoto uko hatarini. Tafuta mahali salama kwanza. Kenya ina sheria ya kuwalinda watu na dhuluma za nyumbani tangu mwaka 2015, na polisi wana wajibu wa kukusikiliza. Mazungumzo ya kupatana yatakuja baadaye, kama yatakuja.

Wote wawili kupata

Lakini pax yenyewe haikuanza kama neno la mshindi. Wataalamu wa lugha wanaiweka katika ukoo mmoja na pactum, yaani mapatano, na kitenzi pangere, kukaza kitu au kukipigilia mahali pake. Pax ni kile ambacho watu wawili wamekikaza pamoja, kama boriti mbili zilizofungwa zikashika paa. Huwezi kuifunga boriti moja na hewa.

Kiswahili chetu kinasema vilevile, na pengine kwa uzuri zaidi. Chukueni neno "kupatana". Ni kupata, likaongezwa ile "-na" ya watu wawili. Waliopatana ni watu ambao kila mmoja amepata kitu. Mmoja akipata vyote na mwingine akakosa, lugha yenyewe inatukatalia kusema kwamba wamepatana. Kunyamazisha ni kazi anayoweza mtu mmoja akiwa na sauti kubwa. Kupatana hakuna anayeweza peke yake.

Na kuna jambo lililonichekesha nilipolisoma mara ya kwanza. Lile neno pacare lilipozeeka, watu wa Italia walianza kulitumia kwa kumtuliza mtu anayekudai. Utamtulizaje? Kwa kumpa haki yake. Ndipo likawa pagare, neno la kawaida la Kiitaliano la kulipa, linalosemwa kila siku sokoni. Kutokana nalo wana pia appagare, kumridhisha mtu hasa.

Wapo waume wanaolielewa somo hili upesi mno. Wakikosa wananunua leso au kuku, wanaweka mezani, na kesi imekwisha. Sisemi msilete leso, leteni. Ila anayedai hulipwa kile anachodai. Yule mama wa jumuiya hakudai leso. Alidai kuambiwa. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kukaa chini na kusema, "Nilituma kiasi fulani, nilikosea kukuficha, mwezi ujao tupange pamoja." Ni malipo machungu kuliko pesa, najua. Na mke naye huwa ana madeni. Kama alimsema vibaya mama mkwe mbele ya watoto, kumpikia mume chapati hakufuti neno hilo.

Kuna maneno mawili zaidi ninayoyapenda, ingawa sitakaa nayo sana. Mitis ni mtu mpole, lakini Warumi walilitumia kwa tunda lililoiva, laini. Kutokana nalo walipata mitigare, walilolitumia hata kwa kulainisha chakula motoni. Kila aliyepika maharagwe makavu anajua kwamba kuyagonga kwa mwiko hakusaidii. Yanataka moto mdogo na saa kadhaa. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasikae na hasira hadi jua litue, na ni kweli, lakini nimeona wanandoa wakilazimishana kumaliza kesi ngumu saa sita usiku, wote wamechoka, na ikaharibika zaidi. Hasira inaweza kuwekwa chini usiku huo kwa kuahidiana siku na saa ya kuzungumza. Neno la pili ni mansuetus, pia mpole, na kwa asili ni mnyama aliyezoea mkono. Ng'ombe aliyezoea mkono hashtuki ukimkaribia. Mwenzako akisikia hatua zako mlangoni, hushtuka?

Kazi ya juma hili

Fanyeni kama wale wa Palatino, bila mungu wao. Chagueni mahali nje ya chumba cha kulala na nje ya jiko, hata chini ya mti. Nendeni wawili. Zimeni simu. Mmoja aseme mpaka amalize, na mwingine asijibu ila arudie aliyoyasikia, ndipo zamu igeuke. Mkishindwa, tafuteni yule ambaye Waitaliano wanamwita paciere, mtu wa kuingia kati: wasimamizi wenu wa ndoa, au wanandoa wazee wa jumuiya. Asiwe mama wa mmoja wenu, tafadhali.

Kisha mjadili maswali haya. Ni jambo gani tuliacha kuligombania bila kupatana? Nani kati yetu alinyamaza, na alikuwa amechoka au amesikilizwa? Jumapili tunapopeana mkono wa amani kanisani, kwa nini huwa tunaanza na watu wa benchi la nyuma?

Yule bwana nilimpa kazi hiyo hiyo. Alirudi baada ya majuma mawili, safari hii bila tabasamu. "Padre," akasema, "ameanza kuongea tena. Ameongea saa mbili nzima." Nikamwuliza yeye alifanya nini muda huo wote. Akasema alimaliza chai yake, ikamwagwa nyingine, ikapoa.