Risasi Iache Ilipo, Shughulikia Mguu

Mwanangu wa Rodi Kopany, barua yako imefika. Nimeisoma yote, hata ile mistari miwili uliyoikata kwa kalamu ukidhani haitasomeka. Tutaifikia.

Kwanza nikurudishie kisa chako, nikiteleza unisahihishe. Una miaka 27, mwendeshaji wa boda boda, stendi yako mjini Migori. Siku ya maandamano wewe hukuwa umeandamana. Ulikuwa unapenya vichochoroni umfikishe abiria kwake, risasi ikakupata paja la kulia. Mfupa ukavunjika vipande vipande. Ukapasuliwa, ukatiwa chuma ndani ya mfupa, na daktari akakueleza kwamba kipande cha risasi amekiacha kwenye nyama kwa sababu kukiwinda kungeleta madhara makubwa zaidi. Kodi ya chumba ikakushinda, ukahamia kwa mama huku Homa Bay. Sasa ni mwezi wa saba tangu upigwe. Kidonda kimefunga, lakini unyayo umelegea, ukitembea vidole vinaburuta chini, na usiku mguu unawaka. Tena unasema risasi "imeanza kutembea": zamani ulikuwa ukihisi inachomachoma juu ya goti, siku hizi imeshuka chini ya goti. Yuko fundi upande wa Ndhiwa anayeahidi kuitoa kwa wembe na dawa ya kuvuta, bei yake shilingi 12,000 na jogoo. Mama anataka uende, mkeo hataki kusikia. Umeniomba mimi niamue.

Usiende. Na huyo jogoo mchinjeni mle wenyewe, mfupa unaounga unahitaji chakula cha aina hiyo.

Najua jibu fupi halitamtosha mama, kwa hiyo tukae tuongee. Wewe unaamini kwamba ugonjwa wako ni ile risasi, na kwamba ikitoka tu utaamka. Sikulaumu, sinema ndizo zilizotufunza hivyo: shujaa anang'ata kitambaa, rafiki anachokoa kwa kisu, kichuma kinadondoka kwenye beseni, na asubuhi mtu yuko juu ya farasi. Ukweli ni kwamba risasi hufanya uharibifu wake wakati inapita. Hapo ndipo huvunja mfupa, huchana nyama na kuumiza mishipa. Ikishasimama, mara nyingi haina kazi tena. Mwili huizungushia kovu gumu, kama mti unavyomeza msumari, na watu huishi nayo hadi uzeeni. Madaktari huitoa ikiwa imekaa ndani ya kiungo kama goti au nyonga, maana majimaji ya kiungo huyeyusha risasi polepole na sumu yake ikaingia kwenye damu. Huitoa pia ikiwa inabana mshipa au uti wa mgongo, ikiwa pametunga usaha, au imejitokeza chini ya ngozi na inaumiza. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "utaitoa lini?" Muulize, "Imekaa wapi hasa, na iko mbali kiasi gani na goti na nyonga?" Akuoneshe kwenye picha ya eksirei. Ni mwili wako, una haki ya kuona.

Mama akisema risasi haiwezi kuachwa mwilini, msimulie habari za marais wawili wa Marekani. James Garfield alipigwa risasi Julai 2, 1881. Madaktari waliotaka kuitoa walimchokoa kwa vidole na vyuma visivyooshwa, siku baada ya siku. Akaletwa hata mvumbuzi wa simu, Alexander Graham Bell, na mtambo wake wa kutafuta chuma mwilini. Hawakuipata. Garfield akafa Septemba 19, na maiti ilipopasuliwa, risasi ikakutwa imefunikwa vizuri na kovu, upande ambao hawakuwa wakiutafuta kabisa. Kilichomuua ni usaha wa kuchokolewa. Mwingine ni Theodore Roosevelt, aliyepigwa risasi ya kifua mjini Milwaukee mwaka 1912. Akahutubia kwanza kwa zaidi ya saa nzima, mtu mkaidi yule, ndipo akaenda hospitali. Madaktari wakaamua kuiacha. Akafa mwaka 1919, risasi ikiwa bado kifuani mwake.

Na tusiende mbali. Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, alimiminiwa risasi kwake Dodoma Septemba 7, 2017, 16 zikampata. Akakimbizwa Nairobi, akalala hospitali huko hadi Januari 2018, ndipo akapelekwa Ubelgiji. Alifanyiwa operesheni zaidi ya 20, akajifunza kutembea upya, na hakurudi kwao hadi Julai 2020. Hiyo ni karibu miaka mitatu. Mwenyewe amesimulia kwamba kuna risasi moja madaktari waliona heri ibaki mwilini. Wewe una miezi saba unaniuliza kama umerogwa.

Sasa ile risasi inayotembea. Hapa ndipo barua yako iliponifanya niketi wima. Risasi iliyonaswa kwenye nyama haishuki paja hadi muundi kwa kutembea. Kinachoshuka, mwanangu, huenda ni mshipa wako wa fahamu unaoota upya. Nyuma ya paja unapita mshipa mkubwa unaopeleka amri hadi vidoleni. Ukijeruhiwa pale, unyayo hulegea hivyo hivyo unavyoeleza. Mshipa huo, ukiwa haukukatika kabisa, huota polepole mno, kama milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi. Kutoka katikati ya paja hadi kwenye misuli inayoinua unyayo ni sentimita 30 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Kwa miezi saba, hata mambo yakienda vyema kabisa, haujafika! Na pale unapofikia ndipo husisimka na kuchomachoma. Daktari wa mifupa hugongagonga kwa kidole kando ya njia ya mshipa, na akiona sehemu inayosisimka inateremka kutoka kliniki moja hadi nyingine, hufurahi. Kile unachotaka kikakatwe kwa wembe kinaweza kuwa ndiyo habari njema pekee uliyoniandikia.

Nimesema "huenda" na "kinaweza". Mimi siwezi kuuona mguu wako kutoka kwenye barua, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeandika kwamba umekosa kliniki mbili kwa sababu ya nauli. Shilingi 12,000 za fundi mmezitafuta mkazipata, lakini nauli ya kutoka Rodi hadi mjini Homa Bay imekosekana? Haya, nimecheka, lakini kwa uchungu. Sikuambii haraka haraka haina baraka. Hilo umeshaambiwa na kila aliyekuja kukujulia hali na kilo ya sukari. Nakuambia kwamba subira ya mguu kama wako ina tarehe ya mwisho. Ikiwa mshipa ulikatika, hauungi wenyewe, unahitaji mpasuaji. Na misuli ikikaa bila mshipa mwaka mmoja, mwaka na nusu, husinyaa kiasi kwamba hata mshipa ukifika baadaye haiamki. Ndiyo maana wanataka kukuona mara kwa mara. Ukikaa kwenye benchi chini ya mwembe wa mama ukisema unasubiri Mungu, bila kliniki, siku zinakwenda.

Na kuna kazi ya kila siku. Umeniambia unatumia gongo moja, na kwa jinsi ulivyoeleza, umelishika upande wa mguu mbovu. Karibu kila mtu hufanya hivyo. Lihamishie mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, liende mbele pamoja na ule mguu wa kulia. Utaona nyonga inavyopumua. Lakini kabla ya hilo, nani alikuruhusu kuacha gongo la pili? Kama ulijiruhusu mwenyewe ili vijana wa stendi wasikuone umelemaa, rudia mawili hadi daktari aone picha na kusema mfupa umeunga. Mfupa wa paja uliovunjwa na risasi unaweza kuchukua miezi sita, tisa, hata mwaka. Chuma ulichotiwa nacho kina kikomo: mtu akikitegemea muda mrefu huku mfupa haujaunga, chuma huvunjika.

Unyayo uliolegea usiuachie uning'inie. Kaa chini, miguu imenyooka mbele, pitisha leso chini ya vidole, vuta kuelekea kwako taratibu, shikilia, achia. Mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni. Ukiacha, ukano wa kisigino hujikunja ukakauka, na siku mshipa utakapofika utakuta kifundo kimekuwa kigumu. Waulize wa fiziotherapia kuhusu kifaa cha kushikilia unyayo, na jikague ngozi kila jioni, kwa sababu mahali pasipo na hisia huweza kuungua au kuchubuka usijue. Sigara uache, kwa kuwa huchelewesha mfupa kuunga, na hapo sina mjadala. Kuhusu chakula hunipi wasiwasi: mkeo anauza omena wa Karungu, na omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni dawa ya mfupa iliyo tayari sufuriani kwako. Ukiona usaha, homa, kidonda kufunguka upya, au muundi kuvimba ghafla na kuuma, au pumzi kukatika, usingoje kliniki. Nenda siku hiyo hiyo. Na ukiwahi kupelekwa kwenye mtambo wa MRI, tamka kabla hujalazwa humo kwamba una chuma na una risasi.

Sasa ile mistari uliyoikata.

Wa kwanza unasema, "Nimekuwa mtoto wa mke wangu." Ananunua unga, anakuogesha, anakufunga kamba za viatu, na kitandani mmegeuziana migongo tangu utoke hospitali. Wewe umeamua kwamba amekuchoka. Umemuuliza? Mimi nasoma barua ile ile naona mwanamke anayeamka alfajiri kufuata omena, kisha anarudi kugombana na mama mkwe wake, jambo ambalo si dogo katika boma la Wajaluo, ili mumewe asikatwe kwa wembe. Mtu aliyechoka hagombani hivyo. Huenda anaogopa kukuumiza, nawe unaogopa kuonekana dhaifu, na mguu umelala katikati yenu mkiuheshimu kupita kiasi. Zungumzeni. Na hata mkiwa wakimya, kuna kazi unaweza: unajua hesabu, unajua wateja wote wa stendi kwa majina, una simu. Mshikie daftari la madeni ya omena. Hilo si la kukupumbaza, wanaodaiwa ni wengi.

Wa pili unasema afadhali ingekupata kifuani. Huu sikutanii. Umesema pia gurudumu la matatu likipasuka unajikuta chini ya meza, na usiku unarudi kwenye kile kichochoro. Hiyo ni hali inayowapata wengi waliopigwa risasi, ina tiba, wala si kichaa wala mikosi. Ukimaliza kuonesha mguu, mwambie daktari yuyo huyo maneno hayo uliyoyakata, kama ulivyoyaandika, akuelekeze kwa wahudumu wa afya ya akili. Yakikujia usiku kwa nguvu, mwamshe mkeo, usikae nayo peke yako. Befrienders Kenya nao kazi yao ni kuwasikiliza watu walio katika hali hiyo.

Neno kuhusu kesi, maana mjomba wako amekutia hofu kwamba bila risasi mkononi huna ushahidi. Si kweli. Picha za eksirei, barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali, nambari ya OB ya kituo cha polisi na fomu ya polisi ya P3 iliyojazwa na daktari ndivyo vitu vya kuhifadhi, na nakala umpe mtu mwingine akuwekee. Kama aliyefyatua ni polisi, mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko na ina ofisi Kisumu. Risasi iliyotolewa na fundi kwa wembe, bila karatasi, ingekuwa kichuma tu. Mjini Migori na Homa Bay kuna waliopigwa risasi kwenye maandamano ya 2023, na wako waliobaki na vidonda kutoka uchaguzi wa 2017. Watafute wawili watatu. Watakueleza mambo ya magongo na ya karatasi kuliko mimi, na hawatakuletea sukari.

Kliniki yako ya tatu, umeandika, ni Alhamisi ijayo. Toa nauli kwenye zile 12,000, nenda na picha zote na mkeo, na mama pia kama anataka kumsikia daktari kwa masikio yake. Fundi wa Ndhiwa mpigie simu leo umwambie huji.