Kutathmini Vitabu vya Marejeleo ya Historia katika Maktaba za Vyuo Vikuu: Kilwa Kama Kipimo

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kutathmini vitabu vya marejeleo ya historia vinavyokusudiwa kuwekwa katika maktaba za vyuo vikuu. Hoja kuu ni kwamba jina la mchapishaji na uzuri wa jalada havitoshi. Kitabu cha aina hii hupimwa kwa jambo ambalo mpimaji mwenyewe analijua vyema. Historia ya Kilwa Kisiwani imeteuliwa kuwa kipimo, na nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika kazi hiyo imefafanuliwa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila aingiaye katika chumba cha marejeleo cha maktaba ya chuo kikuu. Humo hupangwa juzuu nene zenye majalada magumu na maandishi ya rangi ya dhahabu mgongoni. Aghalabu juzuu hizo haziazimwi. Husomewa papo hapo na kurudishwa rafuni. Kutokana na hali hiyo, msomaji huzipa heshima ambayo hazipi vitabu vingine. Habari iliyomo katika kitabu cha kawaida huweza kutiliwa shaka, lakini iliyomo katika ensaiklopidia huchukuliwa kuwa imekwisha kuamuliwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi anayenakili tarehe kutoka katika kitabu cha marejeleo hunakili pia mtazamo uliozaa tarehe hiyo. Mathalani, anayeandika tasnifu kuhusu tendi za kale za Kiswahili huhitaji kwanza kujua miji ya pwani ilianzishwa lini na nani. Iwapo kitabu alichokifungua kinaieleza miji hiyo kuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi, atauona utendi kuwa bidhaa iliyoshushwa bandarini pamoja na vyungu vya kigeni. Iwapo kitabu hicho kinaieleza kuwa miji ya Waafrika waliopokea Uislamu na kufanya biashara ng'ambo, atausoma utendi uo huo kwa jicho jingine kabisa. Kwa hivyo, uamuzi wa mkutubi kuhusu kitabu gani kinunuliwe huingia moja kwa moja katika uhakiki wa fasihi, ijapokuwa mhakiki mwenyewe huenda asitambue.

2.0 Aina za Vitabu vya Marejeleo ya Historia

Kabla ya kukipima kitabu, yapasa kujua kimekusudiwa kufanya kazi gani. Vitabu vya marejeleo ya historia ya Afrika vyaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni kamusi za kihistoria. Mfano wake ni Historical Dictionary of Kenya, iliyotungwa na Bethwell Ogot mwaka 1981, ikaandikwa upya na Robert Maxon na Thomas Ofcansky mwaka 2000, na kutolewa kwa mara ya tatu mwaka 2014. Kundi la pili ni ensaiklopidia, kama vile Encyclopedia of African History yenye juzuu tatu, iliyohaririwa na Kevin Shillington mwaka 2005. Kundi la tatu ni historia za jumla za juzuu nyingi. Humu mna The Cambridge History of Africa iliyosimamiwa na J. D. Fage na Roland Oliver, yenye juzuu nane zilizotoka kati ya mwaka 1975 na 1986. Na General History of Africa ya UNESCO, ambayo pia ina juzuu nane za awali, zilizotoka kati ya mwaka 1981 na 1993. Kundi la nne ni mikusanyo ya hati, kama ule wa G. S. P. Freeman-Grenville wa mwaka 1962 kuhusu pwani ya Afrika Mashariki.

Si haki kuilaumu kamusi kwa ufupi wake, wala kuulaumu mkusanyo wa hati kwa kutosimulia kisa mfululizo. Kila kitabu kihukumiwe kwa kazi kilichojitwika.

3.0 Kilwa Kama Kipimo

Njia nyepesi ya kukitathmini kitabu kikubwa si kukisoma chote. Mpimaji huteua jambo moja analolijua kwa kina, akalitafuta katika kila kitabu, kisha akalinganisha. Kilwa Kisiwani yafaa sana kwa kazi hiyo kwa kuwa ushahidi wake ni wa aina nyingi na umebadilika mara kadhaa.

Ushahidi wa maandishi ni pamoja na habari za Ibn Battuta aliyeuzuru mji huo mwaka 1331, na tarehe ya Kilwa ambayo imetufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Kireno, iliyomo katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Ya pili ni ya Kiarabu, iliyochapishwa na Arthur Strong mwaka 1895 kutokana na nakala iliyohifadhiwa London. Masimulizi hayo mawili yanaeleza kuja kwa Washirazi kwa namna zinazotofautiana, wala orodha zao za wafalme hazilingani.

Ushahidi wa akiolojia nao una historia yake. Neville Chittick, aliyefukua magofu ya Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliuweka mwanzo wa ufalme wa Washirazi mwishoni mwa karne ya 12. Chittick huyo huyo ndiye aliyeandika sura ya pwani katika juzuu ya tatu ya Cambridge, iliyotoka mwaka 1977. Kisha mwaka 1984 palipatikana katika Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, hazina ya sarafu zaidi ya 2,000. Miongoni mwake zilikuwamo sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za kigeni za karne ya 11. Ugunduzi huo ulimrudisha nyuma mfalme huyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakati huo huo, uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulifunua misikiti ya miti chini ya ule wa mawe, ya kale zaidi ikiwa ya karne ya 8. Mji wa mawe ulionekana kuwa umekua kutokana na kijiji cha wenyeji. Katika isimu, Derek Nurse na Thomas Spear walieleza mwaka 1985 jinsi Kiswahili kilivyochipuka kutoka katika lugha za Kibantu za kundi la Sabaki.

Mtu angedhani kwamba mjadala ulifungwa hapo na kwamba kisa cha Washirazi ni hekaya tupu. Lakini mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya pwani. Wengi wao walionekana kuwa na asili mbili: ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, upande wa akina baba. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Hata hivyo, mengi ya makaburi hayo yalikuwa ya watu wa tabaka la juu, na kwa hivyo matokeo hayo hayawezi kutandazwa juu ya jamii nzima bila tahadhari.

Kutokana na maelezo haya, maswali matatu yanatosha kukipima kitabu. Je, kinamwambia msomaji kwamba tarehe ya Kilwa ina masimulizi mawili yasiyolingana? Je, kinaeleza ushahidi uliotumiwa kuuweka mwanzo wa ufalme katika karne fulani? Je, wenyeji wanatajwa kuwa wajenzi wa mji au watazamaji tu?

Majibu huonyesha tofauti kubwa hata ndani ya seti moja. Katika kazi ya UNESCO, juzuu ya nne, yenye sura ya ustaarabu wa Waswahili iliyoandikwa na V. V. Matveiev, ilitoka mwaka ule ule wa 1984. Isingeweza kuzingatia sarafu za Mtambwe. Juzuu ya tatu ilichelewa hadi mwaka 1988, na sura yake ya pwani iliandikwa na F. T. Masao na H. W. Mutoro, wanaakiolojia wa Afrika Mashariki. Msomaji asiyetazama miaka ya uchapishaji atadhani kwamba juzuu ya nne ni mpya kuliko ya tatu, kumbe ni kinyume chake.

4.0 Vigezo vya Jumla

4.1 Mamlaka ya waandishi

Makala mazuri ya ensaiklopidia huwa na jina la aliyeyaandika. Jina hilo humwezesha msomaji kujua kama mwandishi amefanya utafiti katika uwanja huo au amefupisha tu kazi za wengine. Hata hivyo, jina kubwa si kinga. Chittick alikuwa bingwa, lakini ushahidi uliofuata ulimpinga.

4.2 Upya wa maarifa

Kuchapishwa tena si sawa na kutolewa upya. Mwaka ulioandikwa katika ukurasa wa mbele waweza kuwa wa karibuni ilhali matini ni ya miaka thelathini iliyopita. Dawa yake ni kufungua bibliografia ya sura moja na kutafuta kazi ya karibuni zaidi iliyotajwa. Mwaka wa kazi hiyo ndio umri halisi wa sura.

4.3 Njia ya kuyafikia maarifa

Maarifa yasiyopatikana ni sawa na yasiyokuwapo. Toleo la pili la Encyclopaedia of Islam, lililotolewa kati ya mwaka 1954 na 2005, lina utajiri mkubwa wa habari zinazohusu pwani yetu. Lakini vidahizo vyake hufuata maneno ya asili kwa tahajia maalumu: anayetafuta Zanzibar sharti aijue kwa sura ya Zandjibar, na anayetafuta kadhi aanze na herufi ya K yenye nukta chini yake. Kwa mwanafunzi asiyeelekezwa, mlango huo umefungwa. Basi mpimaji achunguze faharasa, na avitazame vielekezi vinavyomwongoza msomaji kutoka kidahizo kimoja hadi kingine.

4.4 Uaminifu mbele ya mashaka

Kitabu bora hakioni haya kukiri kwamba jambo halijulikani. Fumo Liyongo ni mfano mwafaka: wataalamu wamemweka katika nyakati zinazotofautiana sana, tangu karne ya 9 hadi ya 17. Kitabu kinachotaja karne moja bila kueleza hitilafu hiyo kinamhadaa msomaji, hata kama karne iliyotajwa huenda ndiyo sahihi.

4.5 Gharama na udumifu

Pesa za maktaba hazitoshi kamwe. Kwa kuwa juzuu za UNESCO zinapatikana bure katika intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, maktaba yaweza kuokoa fedha na kununua kisichopatikana kwa njia hiyo. Kwa upande mwingine, ensaiklopidia inayosomwa kwa kulipia ada kila mwaka hupotea siku ada isipolipwa. Usiache mbachao kwa msala upitao: seti iliyochapishwa karatasini hubaki rafuni hata mwaka wa ukata.

5.0 Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Mara nyingi mkutubi hutegemea mapitio yanayochapishwa ng'ambo, kama yale ya jarida la Choice la Marekani. Mapitio hayo yana manufaa, ila huandikwa kwa kuzingatia mahitaji ya wasomaji wa huko. Mpitiaji asiyejua Kilwa hawezi kugundua kosa la Kilwa. Anayeweza ni yule aliyesoma tendi, aliyefundishwa asili ya Kiswahili, na anayejua kwamba Muyaka bin Haji aliishi Mombasa wakati Mazrui waliposhindana na Seyyid Said.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba kila darasa la semina liteue kidahizo kimoja kila muhula, likilinganishe katika vitabu vitatu, na kumkabidhi mkutubi ukurasa mmoja wa matokeo. Ukurasa huo utaje kidahizo, miaka ya vitabu, kilichokosewa na kilichoachwa. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji saa chache na uangalifu.

Vitabu vilivyopitwa na wakati navyo visitupwe. Juzuu ya kwanza ya History of East Africa ya Oxford, iliyotoka mwaka 1963, haitoshi tena kufundishia chimbuko la miji ya pwani, lakini ni shahidi wa jinsi wasomi wa wakati ule walivyofikiri. Mwanafunzi anayechunguza maandishi ya uhakiki ya miaka ya sitini hataelewa yalikotoka bila kuisoma. Kinachotakiwa ni kuwekwa karibu na kazi mpya, ili msomaji asikutane nayo peke yake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitabu cha marejeleo si hukumu ya mwisho bali ni taarifa ya kile kilichojulikana siku kilipoandikwa. Sarafu zilizochimbuliwa Pemba zilitosha kuubadilisha mwanzo wa ufalme, na mifupa ya waliozikwa pwani ikakifungua tena kisa kilichodhaniwa kimefungwa. Maktaba isiyofuatilia mabadiliko hayo itaendelea kuwafundisha wanafunzi historia iliyokwisha kusahihishwa kwingine. Mkutubi anazijua taratibu za ununuzi. Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua Kilwa. Wawili hao wakikaa meza moja kabla ya kitabu kununuliwa, aliye nyuma yao atakuta rafuni kitu cha kumfaa.