Mtoto Azibaye Masikio

Hapana parokia isiyo na siku yake kuu: sikukuu ya somo wake, Kipaimara, Komunyo ya kwanza, au jubilei ya padre. Siku hiyo kengele hulia alfajiri, kwaya hupokezana, kina mama hupiga vigelegele, na baada ya Misa watu huketi chini ya turubai, pilau ikapakuliwa na muziki ukapigwa hata jioni. Katikati ya furaha hiyo mara nyingi aonekana mtoto mmoja amejikunyata chini ya benchi, ameziba masikio kwa mikono miwili, au analia kilio kisichotulizika. Watu hugeuka wakatazama. Mmoja husema, “Huyu hakufunzwa adabu”. Mwingine hunong’ona kwamba ana pepo. Mama hutoka naye akiinamisha kichwa, na sikukuu ifuatayo haonekani. Jambo hili lataka kufahamiwa vema, kwa maana likiachwa hivi hivi jamaa nzima huweza kutengwa na wenzao kwa sababu ya spika mbili.

Mtu akaaye jirani na mashine ya kusaga mahindi, baada ya siku chache haisikii tena, ingawa masikio yake ni mazima. Ubongo umejifunza kuiweka kando. Kazi hiyo ya kuchagua lipi lisikiwe na lipi liachwe, sisi twaipata bure, wala hatuishukuru. Lakini wapo watoto ambao mlango huo haufungwi sawasawa. Kikohozi cha jirani, feni ya dari, ngoma, harufu ya ubani, joto la mwili wa aliyeketi karibu, vyote huingia pamoja na kwa nguvu moja. Wengi wao wana usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alipoandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo, alitaja jinsi walivyoogopa sauti kubwa. Na tangu mwaka 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani chaitaja tabia hii ya milango ya fahamu kuwa mojawapo ya dalili za usonji. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Kwa kadiri hiyo, parokia ya watu 5,000 ina watu wapatao 40. Na wako watoto wengine wasio na usonji walio wepesi kuumizwa na sauti au mguso vile vile.

Watu wazima huuliza: tutajuaje kwamba si ukaidi? Swali ni la haki. Mtoto mkaidi hutazama kama atazamwaye. Akipewa peremende aliyoililia, kilio hukatika. Huyu mwingine hatazami mtu. Mpe peremende, ataitupa. Mara nyingi dalili zilitangulia bila kuonwa: alianza kuyumbayumba, akavuta nguo ya mama, akarudia neno moja mara nyingi, akawa mkimya kupita kiasi. Kumpiga wakati huo ni kuongeza mguso mmoja mkali juu ya mingine iliyokwisha kumshinda. Yafaa atolewe polepole, kwa maneno machache, apelekwe palipo kimya, na aachwe hata atulie. Huenda ikachukua nusu saa. Walakini wako watoto wa namna ya kinyume, watafutao mshindo: huenda kusimama mbele ya spika, huzungukazunguka, hugusa kila kitu. Hao wapewe kazi ya kutumia nguvu, kama kupanga viti au kubeba maji, nao hutulia kuliko wakikemewa.

Sasa, je, parokia nzima inyamaze kwa ajili ya mtoto mmoja? La, hasha. Ngoma na kayamba zilipata nafasi yake katika Misa zetu baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliotoa hati yake ya liturujia mwaka 1963, wala hapana anayetaka kuziondoa. Tena ngoma aghalabu si adui mkubwa, kwa kuwa ina mwendo unaotazamiwa. Kiumizacho zaidi ni sauti ya ghafula: mlio wa kipaza sauti kinachopiga kelele, puto lipasukalo, fataki, vigelegele vilivyozuka nyuma ya kichwa.

Hata hivyo sherehe zetu za siku hizi zimezidi mno katika spika. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani wasema sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Basi mtu akifika desibeli 100, kiasi cha muziki wa nguvu chini ya turubai, amebakiwa na robo saa tu. Hiyo ni hesabu ya watu wazima wenye masikio ya kawaida. Wazee wetu nao hulalamika, ila kwa adabu yao husogeza kiti. Kamati ya sherehe na iweke spika mbali na mahali pa watoto, na mshereheshaji aseme kwanza, “Sasa tutapiga vigelegele,” ili mwenye kuziba masikio apate kuziba. Mtoto avaaye vizuia kelele, kama wavaavyo mafundi wa viwandani, asivuliwe eti kwa heshima ya kanisa.

Darasa moja la katekisimu lifunguliwe siku hiyo, litandikwe mkeka, liwe na maji na mtu mmoja wa kukaa mlangoni. Gharama yake ni ndogo kuliko kreti moja ya soda. Benchi la pembeni karibu na mlango liachwe kwa jamaa zenye watoto hao, wapate kutoka na kurudi bila kupita mbele ya macho ya watu wote.

Nyumbani kuna kazi pia. Gauni jeupe au shati lililotiwa wanga lifuliwe hata lilainike, livaliwe mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, na kitambaa cha alama kilichoshonwa shingoni kikatwe. Siku moja kabla, mtoto apelekwe kanisani likiwa tupu, aonyeshwe atakapoketi na atakapopita. Shangazi na wajomba waambiwe mapema wasimkumbatie kwa nguvu. Shikamoo yake aitoe kwa mbali, hata kwa kupunga mkono, wala asihesabiwe kukosa heshima kwa kutowatazama machoni. Na mama akileta kibakuli cha wali mweupe, asiulizwe kama pilau ya sherehe imemshinda mwanawe.

Kuhusu Sakramenti wazazi wengi wana hofu isiyo ya lazima. Mwaka 1910 Papa Pius X aliagiza kwamba mtoto aweza kukomunika akijua kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 777, yawataka maparoko wawafundishe dini wenye ulemavu wa mwili au wa akili kwa kadiri hali yao iwezavyo. Yuko mtoto ambaye hostia ikimgusa ulimi hutapika. Huyo ajizoeze kwa hostia zisizowekwa wakfu, kipande kidogo sana kwanza. Na ikishindikana kabisa, kanuni ya 925 yaruhusu, kwa lazima, akomunike kwa umbo la divai peke yake. Kwa Kipaimara, msimamizi awe mtu ambaye mtoto amezoea mkono wake begani.

Aidha si lazima Komunyo ya kwanza ipokewe siku ile yenye watoto 200 na wapiga picha wao. Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, wakiwepo wazazi, ndugu na majirani wachache, ni Misa ile ile. Paroko aombwe mapema, kabla katekista hajafunga orodha, na mtoto aelezwe siku gani itakuwa, padre yupi, na kwamba hakutakuwa na spika.