Bahari ya Lita Mia: Kufuga Matumbawe Nyumbani Kwenye Joto la Pwani

Vitabu vingi vya kufuga matumbawe vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana orodha yao ya vifaa huanza na hita. Mkazi wa Sinza au Likoni akiifuata orodha hiyo kama ilivyo, atanunua kifaa atakachokiwasha labda siku chache za Julai, na atakisahau kile kitakachomwokoa Februari: feni.

Hapa kwetu tangi la matumbawe lina maadui watatu: joto, maji yanayokauka na umeme unaokatika. Ukilipanga tangi kwa kuwafikiria hao watatu tangu mwanzo, kinachobaki ni subira. Maelezo haya ni ya tangi la lita mia hivi, la mtu anayeanza, aliyeko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja.

Tangi na mahali pake

Kitangi cha lita ishirini huvutia kwa bei, lakini maji yakiwa machache kosa dogo huwa kubwa ndani ya saa chache. Tangi la sentimita 60 kwa 45 kwa 40 hubeba lita 108, na ukishaweka mawe hubaki kama 90. Huo ni ukubwa unaosamehe.

Fundi vioo wa mtaani anaweza kulitengeneza. Msisitizie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi inayo, nayo huua viumbe. Lijaze maji ya kawaida nje kwa siku mbili kabla hujaliingiza ndani, ili kama linavuja livujie uani.

Pamoja na mawe na meza, uzito utapita kilo 150. Meza iwe ya chuma au mbao ngumu, iwekwe sawa kwa pima maji, na chini ya tangi utandike sponji nyembamba. Usiliweke karibu na dirisha linaloingiza jua wala ukuta wa jikoni. Jambo jingine ambalo vitabu vya huko havilitaji: dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina sumu inayowamaliza kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana, na samaki nao hawapo salama. Chumba chenye tangi kitumie chandarua au nyavu za madirishani. Ikibidi kupuliza kwingineko ndani ya nyumba, zima pampu ya hewa na ulifunike tangi mpaka hewa isafike.

Joto kwanza

Lenga nyuzi 25 hadi 27. Maji yakikaa juu ya 29 au 30 kwa siku kadhaa, matumbawe huanza kuutoa mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao na kuyalisha, yakabaki meupe. Ndivyo ilivyotokea kwenye miamba ya pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño. Tangi la nyumbani linaweza kufikia hali hiyo kwa wikiendi moja.

Kabla ya kununua chochote, jaza ndoo kubwa ya maji, iache pale unapotaka tangi likae, upime joto alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki mbili za msimu wa joto. Alasiri ikisoma 29, feni ndogo inayopuliza juu ya maji inatosha, kwani hushusha nyuzi mbili au tatu hivi kwa kuyakausha maji. Ikisoma 32, unahitaji kiyoyozi chumbani au mashine ya kupoza maji, na mashine hiyo itoe joto lake nje ya chumba. Kumbuka kuwa siku za unyevu mwingi feni hufanya kazi kidogo, kwa sababu maji hayakauki upesi. Unganisha feni na kidhibiti joto kinachoiwasha na kuizima chenyewe. Juu ya tangi weka wavu badala ya kioo: hewa itapita, na samaki anayeruka hataokotwa sakafuni.

Maji ya bahari, maji ya kujazia

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Uyapime kwa refraktomita, kwa sababu ile haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganya kirahisi.

Anayeishi pwani anaweza kutumia maji ya bahari yenyewe, akiyachota kwa akili. Usichote ufukweni mwa mji, wala karibu na midomo ya mito na vijito kama Msimbazi au hori la Tudor. Usichote wakati wa masika, maana mvua huzimua chumvi na kuleta taka za nchi kavu. Tafuta mwenye boti akupeleke nje ya miamba siku ya kiangazi, maji yakiwa yamejaa, uchote kwa madumu yaliyokuwa ya chakula, kamwe si ya mafuta wala sabuni. Yachuje kwa kitambaa kizito, yafunike na kuyaacha gizani wiki mbili yatulie, kisha umimine ya juu na kuacha mashapo.

Aliye mbali na bahari, au asiyetaka safari za boti, anunue chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe. Lita mia huhitaji kama kilo tatu na nusu hadi nne. Chumvi ya mezani haifai: haina kalsiamu na magnesiamu ambazo matumbawe hujengea mifupa yao. Weka maji kwanza kwenye pipa, mimina chumvi polepole huku pampu ikizungusha, na uache hadi kesho yake. Usikoroge chumvi ndani ya tangi lenye viumbe.

Sasa yule adui wa pili. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki. Tangi la lita 100 chini ya feni linaweza kupoteza lita tatu kwa siku. Siku ya kwanza chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi 36. Usipojazia siku tatu, inakaribia 38 na nusu, na kamba wanaweza kuanza kufa. Chora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika na kila asubuhi ujazie mpaka hapo, kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yana klorini na pengine shaba, na ya kisima mjini mara nyingi yana chumvi na mbolea. Tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume, lakini uyapime kwa kipima-TDS, kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka. Baadhi ya maduka ya mtaani huyaongezea madini ili yawe matamu kunywa. Yakisoma zaidi ya 10, tafuta pengine.

Mawe, mkondo na mwanga

Mawe ndiyo nyumba ya bakteria wanaosafisha maji. Si lazima yatoke baharini, na kwa kweli yasitoke huko. Sehemu kubwa ya pwani imejengwa juu ya matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi. Chagua kilo nane hadi kumi za mawe mepesi yenye matundu mengi, yasiyoguswa na saruji wala rangi. Yasugue, yaloweke kwenye pipa la maji wiki kadhaa ukibadilisha maji, na upime fosfeti kabla ya kuyatumia. Yapange yagusane kwa uchache na yaache mapango. Ukuta wa mawe uliobanwa hukusanya uchafu nyuma yake. Mchanga wa matumbawe wa dukani, unene wa sentimita mbili, unatosha.

Pampu ya mawimbi iwe na nguvu ya lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa. Taa iwe ya LED yenye buluu na nyeupe, iwake saa nane au tisa kwa siku kwa saa ya kujizima. Anza na nusu ya nguvu yake. Taa kali kwenye tangi jipya hulisha mwani tu.

Wiki za kungoja

Tangi likishajaa, tupia kipande kidogo cha kamba mbichi wa sokoni. Kikioza kinatoa amonia, nayo ni sumu. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara. Makundi hayo huchukua wiki tatu hadi sita kujijenga. Pima kila baada ya siku mbili. Kipande kikishaoza, kitoe. Tangi liko tayari pale unapoongeza amonia kidogo na kesho yake amonia na nitriti zote zinasoma sifuri.

Kioo kitageuka kahawia, kisha kijani. Usikimbilie dawa. Hiyo ni hatua ya kawaida, na ndiyo ishara ya kuingiza wafanyakazi: konokono wa baharini watano au sita wanaokula mwani.

Nani aingie, kwa mpangilio gani

Baada ya konokono, matumbawe laini huja kabla ya samaki. Anza na yale ya umbo la uyoga, Discosoma, na ya ngozi, Sarcophyton, yanayovumilia makosa. Yaweke chini kwanza, uyapandishe kidogo kidogo kuelekea mwanga kwa wiki mbili. Matumbawe magumu yenye matawi, jamii ya Acropora, yasubiri mwaka wa pili. Yale madogo yenye rangi kali yaitwayo zoantidi ni mazuri, lakini baadhi yana palitoksini, sumu kali mno. Yashike kwa glavu na miwani, na usichemshe kamwe jiwe lenye masalia yake, kwani watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke huo.

Samaki waje mwezi mmoja baadaye, wanne wasizidi. Jozi ya Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa ambao watoto huwaita Nemo, ni mwanzo mzuri. Nunua wawili wadogo kwa pamoja: wote huanza wakiwa madume, na anayetawala hugeuka jike. Hawahitaji anemoni. Waongezee mlinzi wa manjano, Cryptocentrus cinctus, na kamba wake wa jamii ya Alpheus. Kamba huchimba shimo lakini haoni mbali, hivyo samaki hukaa mlangoni akimpa ishara hatari ikija. Hao wawili watakupa cha kutazama zaidi kuliko samaki kumi wanaozunguka ovyo.

Waache hawa: kangaja wa buluu, anayefikia sentimita 30, vipepeo wa baharini, ambao wengi wao hula matumbawe, na mandarini, ambaye hufa njaa tangi lisipokuwa na vijidudu hai vya kutosha.

Kila samaki mpya akae wiki nne kwenye tangi la pembeni lenye mabomba tu ya kujifichia. Ugonjwa wa vidoa vyeupe hutibiwa kwa shaba, na shaba ikiingia kwenye tangi kuu itaua konokono, kamba na matumbawe. Mfuko wa samaki mpya uelee dakika ishirini joto lilingane, kisha mwongezee maji yako kidogo kidogo. Kama amesafiri saa nyingi, usirefushe zoezi hilo: mfuko ukifunguliwa, amonia iliyokuwa ndani huzidi makali. Maji ya mfuko yamwage nje.

Uliza kila kiumbe kimetoka wapi. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu, Kisite au Bongoyo, hakuna ruhusa ya kuondoa chochote. Matumbawe magumu yote yamo kwenye mkataba wa CITES, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Njia safi ni kununua vipande vilivyokuzwa matangini, na kwa samaki, muuzaji mwenye leseni ya uvuvi wa samaki wa mapambo. Kabla ya kuleta chochote kutoka nje, pitia kwa ofisa uvuvi.

Umeme ukikatika

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa, si giza. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na pampu ikisimama samaki wanaweza kuanza kuhema juu ya maji ndani ya saa chache. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Ukiwa na inveta, iendeshe pampu ya mawimbi na feni. Taa iache, matumbawe hayafi kwa siku moja ya giza. Usilishe mpaka umeme urudi. Joto likipanda, weka juu ya maji chupa ya barafu iliyofungwa vizuri, ubadilishe ikiyeyuka.

Umeme ukirudi kwa nguvu huunguza vifaa, kwa hiyo tumia kilinda umeme kama cha friji. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya. Fundi umeme aweke pia swichi inayokata umeme ukivuja.

Kazi za kila siku

Asubuhi: jazia maji, soma joto, hesabu samaki. Jioni: lisha kidogo, kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Kila wiki: badilisha lita kumi kwa maji ya chumvi yenye joto lilelile, osha sponji ya kichujio kwa maji uliyotoa, futa kioo. Pima nitrati, zikae chini ya miligramu 10 kwa lita, na alkalini, ikae kati ya 8 na 9 dKH. Kwa matumbawe laini, kubadilisha maji kunarudisha madini ya kutosha, na chupa za virutubisho dukani zinaweza kusubiri. Tumbawe likijikunja siku mbili, angalia joto, kisha chumvi, kisha alkalini, kwa mpangilio huo, kabla ya kununua dawa yoyote.

Ukisafiri, usimwachie anayebaki nyumbani kopo la chakula. Wengi hulisha kwa huruma, na chakula kilichooza huua tangi haraka kuliko njaa. Funga chakula cha kila siku kwenye karatasi yake na uiandike tarehe, muonyeshe mstari wa kioo na dumu la maji ya kujazia, na mfanye afanye mwenyewe mara mbili ukiwepo. Asipoweza kuyafanya hayo mawili, wakati wako wa kuwa na tangi bado haujafika.