Kuondoa Aseniki katika Maji ya Kisima kwa Chuma Chenye Kutu

Aseniki iliyoyeyuka katika maji haina rangi, harufu wala ladha. Hutoka katika miamba na mashapo ya ardhini, na mtu aweza kuinywa miaka mingi kabla ya madoa kujitokeza ngozini, na viganja na nyayo kukakamaa na kuota vinundu. Baadaye yaweza kufuata saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita.

Bangladesh inatufunza mengi. Tangu miaka ya 1970 visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi ili watu waepukane na maji machafu ya juu ya ardhi yaliyoeneza magonjwa ya kuhara. Lakini mamilioni wakajikuta wanakunywa aseniki. Huko ndiko ilikotumika mbinu ya mitungi mitatu: wa juu huwekwa vipande vya chuma na mchanga, wa kati, mchanga na mkaa, wa chini hupokea maji yaliyochujwa. Nepal nako walitandaza misumari juu ya chujio la mchanga.

Siri imo katika kutu. Aseniki hunata kwenye chembe za kutu, na mchanga huzizuia chembe hizo zisipite. Kwa hiyo mchanga mtupu hautoshi. Kuchemsha nako hakusaidii: mvuke huondoka, aseniki hubaki.

Mbinu hii ina mipaka. Fosfeti ikiwa nyingi majini hugombania nafasi na aseniki juu ya kutu, na chuma huchakaa. Ndiyo maana maji hayana budi kupimwa kabla ya kuchujwa, baada ya kuchujwa, na tena kila baada ya muda. Chujio haliui vijidudu vyote. Maji yatiwe dawa baadaye. Mashapo yake yasimwagwe karibu na kisima wala bustani.

Nchini Tanzania, aseniki imeonekana katika baadhi ya vyanzo vya maji vya Kanda ya Ziwa, kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu. Mhudumu wa afya akikutana na mgonjwa mwenye dalili hizo, amuulize anakunywa maji ya wapi, na majirani zake wanachota wapi. Tiba ya kwanza ni kuacha maji hayo na kutumia chanzo salama, kama vile maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Kisima chenye aseniki chaweza kuendelea kutumika kwa kufulia na kuoga. Kunywa na kupikia, hapana.