Kurekodi gari la kale kwenye vumbi la Kivaa

Mashindano ya magari nchini Kenya yamelelewa na vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Datsun 240Z ilishinda shindano hilo mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikarudia mwaka 1973 na Shekhar Mehta, na katikati yake, mwaka 1972, Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort. Magari hayo hayajafa. Tangu 2003 East African Safari Classic imeyarudisha kazini, na mwaka 2011 Björn Waldegård, mzee wa miaka 68, alishinda kwa Porsche 911 huku mwanawe Mathias akimsomea njia. Kwa hiyo mwenye 240Z au Escort anayetaka kuizungusha Jumamosi asubuhi hana haja ya kuota lami ya Ulaya. Anachohitaji ni shamba kubwa, ruhusa ya mwenyewe, na njia ya changarawe inayorudi ilikoanzia. Upande wa Masinga, kuzunguka Kivaa, ardhi kavu ya migunga inafaa sana kwa shughuli hiyo.

Kabla ya kununua kamera, amua video ni ya nini. Gari la mwaka 1971 halina kompyuta ya kukuambia ulikanyaga breki wapi wala uliachia mafuta lini. Kamera ndiyo itakayoshika kazi hiyo. Ukiifunga kwa nia hiyo, utapata pia picha za kupendeza. Ukifuata urembo kwanza, utarudi nyumbani na dakika arobaini za boneti inayong'aa na usijue kwa nini mzunguko wa tatu ulikuwa wa polepole kuliko wa pili.

Kamera ya kwanza ikae ndani, nyuma ya bega la dereva, ione mikono, usukani, gia, saa ya mizunguko ya injini na njia iliyo mbele, vyote katika picha moja. Kama gari lina kizimba cha chuma cha kujikinga, funga hapo. Kama halina, tengenezesha kwa fundi kipande cha bapa kinachobanwa na bolti za kiti. Vibanio vya kunyonya kioo havifai kwa safari ya namna hii. Vumbi laini huingia chini ya mpira, joto hulegeza, na mtikisiko humaliza kazi. Ukilazimika kuvitumia, futa kioo kwa spiriti kwanza, wala usivibandike kwenye bodi: magari mengi ya umri huu yamepakwa rangi juu ya fila, na kibanio kinaweza kung'oka na ganda zima. Popote utakapofunga, ongeza kamba ya pili ya usalama. Blada, ile wanayofungia mizigo watu wa bodaboda, inabana vizuri na pia inapunguza mtetemo wa chuma kwa chuma. Lakini kamera iliyo nje ya gari iwe na waya pia, kwa sababu blada hukatika.

Zima utulizaji wa picha wa kamera ya ndani ya gari. Watu wengi hufanya kinyume kwa kuwa njia ni mbovu. Kamera imefungwa kwenye gari na inatikisika pamoja nalo. Ukiiruhusu itulize, itajaribu kusimamisha dunia ya nje, na dashibodi ndiyo itakayoanza kucheza. Bora dashibodi itulie na mlima wa Kivaa uruke dirishani, maana hivyo ndivyo dereva anavyoona.

Mwanga nao ushike kwa mkono. Ndani ya gari ni giza, nje ni jua kali, na kamera iliyoachwa ijiamulie itabadilika kila kona mpaka kioo cha mbele kiwe shuka jeupe. Pima mwanga kwa kuangalia njia, ufunge hapo, uache ndani pawe na kiza kidogo. Rekodi fremu 50 kwa sekunde na shata ya 1/100. Juani hilo haliwezekani bila kichujio cheusi mbele ya lenzi, kwa hiyo kibebe. Hesabu yenyewe ni hii: kwa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, yaani nusu mita kati ya fremu moja na nyingine. Simu ya kawaida husoma setilaiti takriban mara moja kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kipimo na kipimo umeshapita mita 25, na kona imekwisha. Paka chokaa jiwe moja mwanzoni mwa mzunguko na mengine kwenye kila kona muhimu, kisha uhesabu fremu kutoka jiwe hadi jiwe. Ni saa sahihi kuliko ya mkononi, na haina gharama zaidi ya mfuko wa chokaa. Mshale wa kasi wa gari lenyewe usiuamini, hasa kama matairi yamebadilishwa ukubwa.

Umeme ni jambo la kuangalia mapema. Magari kadhaa ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, MGB ikiwemo hadi 1967, yalifungwa betri kinyume na ya leo: upande wa chanya ndio uliounganishwa na bodi. Chaja ya kisasa ikichomekwa kwenye gari kama hilo, ganda lake likagusa chuma, shoti haiko mbali. Tumia benki ya umeme iliyofungwa kwa mkanda chini ya kiti, uachane na nyaya za gari kabisa.

Sasa kuhusu vumbi lenyewe. Bara ya Kenya upepo mwingi hutoka mashariki, kwa hiyo mpiga picha wa pembeni, yule anayelirekodi gari kutoka nje, asimame upande huo na aache wingu liende zake magharibi. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, jua liko chini nyuma yake na linalimulika gari vizuri. Kuanzia saa nne jua linapanda juu ya kichwa, kwa kuwa hapa ni kusini kidogo tu ya ikweta, na kila kitu kinakuwa bapa. Wakati huo fanya mizunguko ya kipimo kwa kamera ya ndani na umpumzishe mpiga picha wa pembeni mpaka saa kumi jioni, jua linaposhukia magharibi na vumbi linawaka kama ukilipiga picha kwa kulielekea jua. Usibadili lenzi nje. Usifute kioo cha lenzi kwa leso, kwani mchanga utakikwaruza. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ndipo ufute.

Pa kusimama pana sheria moja: usikae upande wa nje wa kona, wala mahali gari linapotua baada ya kuruka. Gari likishindwa, huko ndiko linakokwenda. Simama ndani ya kona, juu kidogo, na mwinuko au mti mkubwa ukiwa kati yako na njia, na uache nafasi ya kukimbilia nyuma. Lenzi ndefu itakusogeza karibu bila miguu yako kusogea. Breki za mwaka 1971 ni za mwaka 1971.

Zungumza na mwenye shamba, kisha wazee wa kijiji na chifu, siku kadhaa kabla na siyo asubuhi ile ile. Njia za hapa ni za punda wanaobeba maji na mbuzi wanaokwenda malishoni, na hao hawajui kuna mzunguko wa pili. Walipe vijana wa bodaboda wakae kila mahali njia inapokutana na kijia, wawe na simu na vitambaa vyekundu. Wanaijua mitaa hiyo kuliko ramani yoyote. Barabara ya umma iache kabisa. Rali hufungiwa barabara kwa kibali; wewe huna, na kushindana kwa kasi humo ni kosa.

Droni nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, chini ya kanuni za mwaka 2020. Na mtu akikupa wazo la kuirusha juu ya bwawa la Masinga ili gari lionekane na maji nyuma, mkatalie: mabwawa ya mto Tana ni mitambo ya umeme ya taifa, na walinzi wake hawapendi mizaha. Kwa maoni yangu droni inafaa kwa dakika moja tu, ya kuonyesha umbo la mzunguko. Zaidi ya hapo gari linakuwa mdudu.

Sauti iwe ya gari. Injini ya 240Z ina silinda sita na kabureta mbili, na kuzifunika kwa muziki ni kuharibu mali. Maikrofoni ya kamera itanasa mngurumo uliopasuka tu. Weka kinasa sauti kidogo ndani ya buti, kimezungushiwa sponji, mbali na ekzosi, ukipunguze kiwango mpaka mlio mkubwa kabisa usifike mwisho wa kipimo. Piga honi mara moja kabla ya kuondoka. Honi hiyo ndiyo utakayotumia kuoanisha sauti na picha zote mezani.

Jioni nakili memori kadi mara mbili kabla ya kula. Kisha weka mizunguko miwili ubavu kwa ubavu kwenye skrini, yote ianzie jiwe la kwanza, uzime sauti, na uangalie mikono peke yake. Pale mkono unapokimbilia gia mapema katika mzunguko mmoja na kuchelewa katika mwingine, simamisha picha, hesabu fremu hadi jiwe linalofuata, na uandike namba hiyo kwa kalamu kwenye ramani ya mzunguko.